Yule mzee wa seli B, na damu iliyotoka huku kwetu

Ukiwaambia watu unafanya imyunolojia, yaani sayansi ya kinga ya mwili, wanadhani unauza dawa za kuongeza kinga. Mama mmoja wa mtaani kwetu alinishika getini na kopo la unga wa mlonge, anataka nimwambie kama kweli unapandisha kinga, nami nikaanza kumweleza kwamba kinga siyo maji ya tenki useme yamepungua yaongezwe, akanitazama, akasema haya baba, akaondoka zake. Wala simlaumu, maana hata sisi wa maabara tukiulizwa ghafla mnafanya nini humo ndani tunaanza kumung'unya maneno.

Basi leo nimeona niieleze hii kazi kupitia mtu mmoja, Mtaliano anaitwa Antonio Lanzavecchia. Simfahamu, sijawahi hata kumwona, ni kazi zake tu nazisoma tangu chuo. Nimemchagua kwa sababu moja: miaka arobaini na ushee kafuatilia seli B na risepta zake, yaani vipokezi vya juu ya seli vya kunasia kitu, na kila ukichimba kwenye kazi zake kubwa unakuta damu ya watu wa huku, Kikwit, Kilifi, Bagamoyo, na wengi wetu hatuna habari.

Tuanze na seli B yenyewe. Ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Juu ya utando wake kuna risepta kama laki moja hivi, zote za aina moja, na hiyo risepta ndiyo kingamwili yenyewe, ila bado imeshikizwa kwenye seli haijaachiwa kwenye damu. Seli B ya pembeni yake ina risepta ya aina nyingine kabisa, na ya pembeni yake nyingine tena. Watu wengi wanafikiri mdudu akishaingia ndio mwili unakaa kubuni kingamwili ya kumfaa yeye, kumbe hapana, risepta zinatengenezwa kabla, mamilioni kwa mamilioni, kwa kukatakata vipande vya jeni na kuviunga bila mpangilio, halafu mwili unakaa kusubiri nani atakuja. Aliyeonyesha kwamba seli inakata DNA yake yenyewe namna hiyo ni Mjapani Susumu Tonegawa, mwaka 1976, akiwa Basel kule Uswisi, na 1987 akapewa Nobel peke yake. Sasa mdudu akiingia anakutana na seli chache ambazo kwa bahati risepta zao zinamshika. Hizo ndizo zinazaana, zinaingia kwenye matezi kunoa risepta zao, kisha baadhi zinageuka kuwa za kumwaga kingamwili kwenye damu mchana na usiku, na nyingine zinabaki kimya kama seli kumbukumbu. Hizi za kumbukumbu zishikeni, ndizo zitatupeleka hadi Kongo.

Lanzavecchia ni daktari wa watoto. Kazaliwa 1951, kasoma udaktari Pavia kaskazini mwa Italia, kamaliza 1976, akabobea kwenye watoto na magonjwa ya kuambukiza. Mimi naona hilo lina uzito kuliko linavyopewa, maana wana-imyunolojia wengi wa rika lake walilelewa na panya, swali panya, jibu panya, na panya ametufundisha mengi sana sikatai, ila huyu kila akipata nafasi anarudi kwa binadamu, tena binadamu aliyeugua akapona. Mwaka 1983 akahamia Basel kwenye taasisi ileile ya Tonegawa. Ile taasisi bana! Ilikuwa inalipiwa na kampuni ya dawa ya Roche, mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Niels Jerne, Georges Köhler naye kapita pale, wote hao wakabeba Nobel ya 1984 pamoja na César Milstein, na watafiti waliachiwa wafanye wanachotaka bila kudaiwa dawa ya kuuza kesho. Mtu anayeishi kwa granti za miaka mitatu na ripoti kila robo mwaka akisoma habari za pale machozi yanamlengalenga.

Kazi iliyomtoa ni pepa la 1985. Wakati ule watu walishajua kwamba seli B peke yake haifiki mbali, lazima isaidiwe na seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, ila haikueleweka vizuri hizi mbili zinaelewanaje, maana seli T haimwoni mdudu mzima, inaona vipande vyake vilivyokatwa na kuwekwa juu ya seli nyingine. Yeye akachukua seli B za binadamu zenye risepta inayoshika sumu ya pepopunda, ile iliyouliwa makali ya kuwekwa kwenye chanjo, akazikuza zikawa nyingi, akazipa hiyo sumu kwa kiasi kidogo mno. Seli B nyingine kwa kiasi kile hazikuambulia kitu. Zile zenye risepta yake ziliinasa, zikaivuta ndani, zikaikata vipande, zikavitoa nje na kuvionyesha, seli T zikaamka. Kwa hiyo risepta haipo pale kupiga kengele tu kwamba mgeni kaja, inamkamata mgeni na kumwingiza ndani.

Mnaweza kusema sawa, tumekusikia, sasa inatuhusu nini. Inahusu kila mtoto aliyepelekwa kliniki kuchomwa penta na ile ya nimonia. Bakteria wengi wa nimonia na uti wa mgongo wamejifunika sukari, na seli T sukari hazijali, zinataka vipande vya protini, ndiyo maana chanjo ya sukari tupu kwa mtoto mchanga haimsaidii kitu. Wataalamu wakaifunga ile sukari na protini, mara nyingi hiyohiyo ya pepopunda au ya dondakoo. Seli B yenye risepta ya sukari ikinasa sukari yake, protini inaingia nayo kwa kuwa vimefungwa pamoja, seli B inaonyesha vipande vya protini, seli T inakuja kusaidia, na mtoto anaishia na kingamwili za sukari zinazodumu. Chanjo hizo zilianza kutengenezwa kabla hata ya 1985, tuwe wakweli, ila lile pepa ndilo lilituwezesha kuona kinachoendelea ndani. Kenya ilianza kuchoma chanjo ya Hib, mmoja wa bakteria hao wa sukari, 2001 na wodi ya watoto Kilifi uti wa mgongo wa Hib ukabaki karibu historia.

Miaka ya tisini alihama kidogo, yeye na Federica Sallusto wakagundua namna ya kukuza seli za dendriti, zile zinazoionyesha seli T vipande vya mdudu, kutoka kwenye damu ya kawaida, 1994, pepa linalotajwa na kila mtu hadi leo, halafu wakaingia kwenye kumbukumbu za seli T. Hayo nayaruka, siyo madogo ila yatanichelewesha.

Mwaka 2000 tunamkuta Bellinzona, mji mdogo wa Uswisi wanakoongea Kiitaliano, anaanzisha taasisi mpya. Na hapo akarudi kwenye swali la zamani: mtu akipona ugonjwa mbaya, zile seli B za kumbukumbu zimebaki ndani yake, zina risepta zilizokwisha kunolewa na mwili wenyewe. Kwa nini tuanze kutafuta kingamwili kwa panya wakati jibu liko kwenye mkono wa aliyepona? Shida ni kwamba seli B ukiitoa mwilini inakufa haraka. Unaifanyaje iishi?

Hapa ndipo Uganda inaingia. Mnakumbuka yule daktari Denis Burkitt wa Mulago, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya? Sampuli za uvimbe ule zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakuta kirusi ndani yake, ndicho tunachokiita EBV. Ule uvimbe ni saratani ya seli B. Kirusi hiki kinapenda seli B, kinaingia ndani na kuzifanya zizaane bila kukoma. Lanzavecchia akasema haya, tumtumie huyuhuyu adui. Wengine walishajaribu kabla yake, ila kwa EBV peke yake seli zilizokubali zilikuwa chache mno. Yeye na wenzake wakaongeza kipande cha DNA kinachofanana na cha bakteria, kinachozishtua seli za kumbukumbu, na ghafla nyingi zikaanza kukubali, kila moja ikizaana na kumwaga kingamwili yake ile moja tu. Pepa likatoka 2004, na mfano waliotumia ni mtu aliyepona SARS ya 2003. Kumbuka hiyo SARS, maana kingamwili iliyotoka kwa aliyepona ile ndiyo ilizaa dawa ya sotrovimab wakati wa Korona 2021, kisha Omikroni ikaja na mabadiliko yake na kufikia mwaka uliofuata Marekani ikawa imesitisha kuitumia. Kingamwili moja ni hivyo, ina makali, ila kirusi kikibadilisha pale inaposhika umekwisha.

Niwaonyeshe kidogo kazi yenyewe inavyoanza maana huku kwetu ndio sehemu tunayoifanya sana. Damu imeshatolewa, iko kwenye mirija yenye dawa ya kuzuia isigande. Unaichanganya na maji ya chumvi, unachukua mrija wenye Fikoli, kimiminika kizito kisicho na rangi, unauinamisha, unaidondoshea damu juu yake polepole ikiteleza ukutani mwa mrija, na usijaribu kuongea na mtu hapo, mkono ukishtuka vikachanganyika umepoteza sampuli. Kisha sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi, na breki ya mashine unaizima kabisa, iache ijisimamie yenyewe, maana ikifunga breki matabaka yote yanavurugika. Ukitoa, chini zimekaa chembe nyekundu, juu yake Fikoli, juu kabisa plazima, yale maji ya damu ya njano, na kati ya Fikoli na plazima kuna kautando kembamba keupe ka mawingumawingu. Hako ndiko. Unakafuata na pipeti ukizungusha taratibu. Humo ndani seli B huwa ni kama moja kwa kumi hivi, mara nyingi hata hazifiki, na kati ya hizo zinazokumbuka ugonjwa unaoutafuta wewe zinaweza kuwa moja katika maelfu. Unazigandisha, zinaenda kwenye tangi la naitrojeni, na kuanzia siku hiyo unaishi kwa wasiwasi wa gari la naitrojeni kuchelewa.

Sasa Kikwit. Mwaka 1995 Ebola iliingia mji wa Kikwit, Kongo, watu 315 waliugua na karibu wanane katika kila kumi walikufa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye Ebola ya kwanza kabisa ya Yambuku 1976 naye alikuwepo, aliamua pamoja na madaktari wenzake kuchukua damu ya waliopona na kuwatia wagonjwa wanane. Saba wakapona. Wataalamu wa nje wakasema hiyo siyo ushahidi, hamkuwa na kundi la kulinganisha, ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupoa, labda wangepona tu. Kisayansi walikuwa na haki ya kuuliza, ila mimi nikisoma yale majadiliano nasikia na kitu kingine ndani yake, kama vile wazo lingetoka kwingine lingesikilizwa kwa sikio tofauti.

Muyembe hakuliacha. Miaka 11 baada ya mlipuko, damu ya waliopona wa Kikwit ikachukuliwa, wakishirikiana na watu wa taasisi ya afya ya Marekani, NIH, na seli za kumbukumbu zikaishia Bellinzona kwa Lanzavecchia na mwenzake Davide Corti kupitishwa kwenye ile njia ya EBV. Fikirieni, miaka kumi na moja mtu analima, anazaa, anauza sokoni, na seli B zinazojua Ebola bado ziko ndani yake. Kati ya kingamwili walizotoa moja ikaitwa mAb114, inashika mahali ambapo kirusi kinahitaji ili kiingie ndani ya seli, na nyani waliopewa hata siku ya tano baada ya kuambukizwa walipona. Pepa likatoka 2016.

Miaka miwili baadaye Ebola ikalipuka Kivu Kaskazini. Novemba 2018 jaribio likaanza Beni, baadaye Mangina, Butembo, Katwa, dawa nne zikashindanishwa katikati ya vita, uvumi, na vituo vya tiba kuchomwa moto. Tuliokuwa tunafuatilia tulikuwa tunasikia kwenye redio wahudumu wakiwasihi watu kwa Kiswahili waje mapema. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa kwa sababu nzuri: mbili zilikuwa zinashinda wazi. Waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, remdesivir zaidi kidogo ya nusu, mAb114 asilimia 35, na ile nyingine ya kampuni ya Regeneron asilimia 33.5. Na waliofika mapema, kirusi bado kidogo kwenye damu, kwa hizi mbili alikufa kama mmoja kati ya kumi. Dripu moja tu. Ugonjwa ambao tulizoea kusema ukiupata andika wosia.

Halafu Septemba 2022 Uganda, Mubende, Ebola tena, watu wakaniuliza si mlisema dawa ipo? Ipo, ila ile ilikuwa aina ya Sudan, na risepta iliyonolewa kwa aina ya Zaire, ile ya Kikwit, haiishiki. Ndiyo risepta ilivyo, hainaga huruma ya kukadiria.

Jambo moja ninaloliwaza sana hapa ni nani anashika pipeti. Damu Kikwit, wazo Kinshasa, seli zikazalishwa Uswisi, dawa ikaenda kampuni ya Marekani, ikasajiliwa huko Desemba 2020. Simtuhumu mtu, bila ile njia ya Bellinzona kusingekuwa na dawa, na jina la Muyembe limo kwenye pepa. Ila Muyembe mwenyewe 2019 alisema wazi kwamba sasa sampuli za Ebola zibaki Kongo zifanyiwe kazi Kongo, na taasisi yake Kinshasa ikapata jengo jipya kwa msaada wa Japani. Naunga mkono, na naongeza kwamba jengo ndiyo rahisi. Mashine ya kuchambua seli mojamoja ukiwa nayo, siku ikizingua leza unasubiri fundi apande ndege, na kemikali zinakaa forodhani barafu ikiyeyuka. Hiyo ndiyo imyunolojia ya huku, nusu ya akili yako iko bandarini.

Nimeiacha Kilifi mwisho kwa makusudi maana kwangu ndiyo kazi yake tamu kuliko zote. Vimelea vya malaria vikiingia kwenye chembe nyekundu vinatoa protini nje ya chembe, na kila mara vinabadilisha, ndiyo maana mtu anaugua malaria tena na tena. Timu ya Lanzavecchia na watafiti wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti cha hapo Kilifi, wakapima plazima za watu wazima wengi wa Kilifi, wakitafuta mtu ambaye kingamwili zake zinagandamanisha chembe zenye vimelea vya aina nyingi kwa mpigo. Wakampata mmoja na mwingine. Wakatoa seli B zao, wakasoma jeni za risepta, na wakakuta kitu ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji: katikati ya kingamwili kuna kipande kizima cha protini nyingine, inaitwa LAIR1, karibu amino asidi mia, jeni yake inakaa kromosomu ya 19, na jeni za sehemu hiyo ya kingamwili ziko kromosomu ya 14. Yaani seli B ilichukua kipande kutoka kromosomu nyingine ikakichomeka ndani ya risepta yake!

Na siyo kipande chochote. LAIR1 kwa kawaida ni breki, inakaa juu ya seli za kinga kuzituliza. Vimelea vya malaria vina protini za kundi la RIFIN, na baadhi yake zinaishika hiyo LAIR1, yaani vinakanyaga breki ya kinga yetu. Watu hawa wa Kilifi seli zao zikaiba ile breki, zikaibadilisha kidogo isishike tena kolajeni, protini ya mwili wenyewe, zikaifanya ndoano ya kunasia RIFIN. Pepa la 2016 hilo pia, mwaka huohuo wa mAb114. Mwaka uliofuata wakaonyesha siyo bahati ya watu wawili, katika maeneo ya Afrika yenye malaria waliyopima, kati ya asilimia 5 na 10 ya watu wana kingamwili za namna hiyo. Kwenye vitabu tulivyosomea tulifundishwa njia za kutengeneza risepta za aina nyingi, hii haikuwemo. Baadaye kidogo, 2018, kutoka kwa Watanzania waliojitolea kuchanjwa chanjo ya malaria ya majaribio Bagamoyo, wakatoa kingamwili nyingine zinazozuia vimelea kabla havijafika kwenye ini.

Ninachotamani kukiona ni mtu wa Pwani, Kilifi au Tanga au Rufiji, anafuatilia watoto tangu wadogo, anachukua damu msimu hadi msimu, aone hizi kingamwili zenye LAIR1 zinaanza umri gani, zinakuja baada ya malaria ngapi, na je aliyenazo anaugua kidogo kuliko mwenzake wa nyumba ya pili. Seli zikianza kukusanywa leo, tangi liwe na naitrojeni, jibu linaweza kutoka kwenye maabara za hukuhuku bila sampuli kupanda ndege.